Meli ya wenyewe wengi, lawama ya mtu mmoja

Ndugu msomaji, leo nina swali dogo tu. Ile meli iliyoziba Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, ilikuwa ya nani?

Usikimbilie kujibu. Nimewauliza watu wengi swali hili, kazini na kijiweni, na majibu huwa ni yale yale. Wengi husema ilikuwa meli ya Evergreen, na wengine hudhani hilo ndilo jina lake, maana neno hilo liliandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kama nyumba. Wengine husema ya Wachina. Wapo wanaosema ya Wamisri, kwa sababu ndiko ilikokwama. Kila mmoja ana kipande chake cha jibu, kama wale vipofu waliompapasa tembo.

Haya, nikupe jibu. Jina lake ni Ever Given. Ilijengwa Japani na kampuni ya Imabari, ikaanza kazi mwaka 2018. Mwenye chombo ni kampuni ya Kijapani iitwayo Shoei Kisen Kaisha. Aliyeikodi na kufanyia biashara ni Evergreen ya Taiwan. Shughuli za mabaharia na matunzo ya chombo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kijerumani, Bernhard Schulte. Bendera iliyokuwa inapepea ni ya Panama. Mabaharia 25 waliokuwamo wote walikuwa Wahindi. Asubuhi ile walikuwamo pia marubani wawili wa Kimisri, wale wanaopanda melini kuielekeza njia mfereji mzima. Bima ya madai ilikuwa ya chama kimoja cha Uingereza. Na mzigo ulikuwa wa maelfu ya watu, kila mmoja na kontena lake.

Umeona? Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hii inazungumzia ugomvi tu wa kugombea usukani. Siku hizi naiona kwa upande wa pili. Chombo kikishaenda mrama, wale wenyewe wengi huyeyuka kama barafu, kisha anatafutwa mtu mmoja wa kubebeshwa zigo. Hiyo ndiyo stori ninayotaka kukupigia leo.

Kwanza tuiangalie meli yenyewe, maana ukubwa wake ni sehemu ya kesi. Urefu wake ni mita 400. Ni kama viwanja vinne vya mpira vimepangwa goli kwa goli. Upana wake ni karibu mita 59. Inabeba makontena ya futi 20 yapatayo 20,000. Ukiyashusha yote na kuyapanga moja nyuma ya jingine kuanzia pale Posta, Dar es Salaam, foleni itapita Kibaha, itapita Mlandizi, itavuka Chalinze na bado makontena yatakuwa hayajaisha. Hiyo yote ni meli moja, na wanaoiendesha hawajai hata Coaster moja.

Kabla ya Suez ilikuwa tayari imeshapata ajali. Februari 2019 ilikuwa inateremka mto Elbe kutoka bandari ya Hamburg, Ujerumani, siku ya upepo mkali. Ikakibamiza kivuko kidogo cha abiria kilichokuwa kimeegeshwa kwenye gati la Blankenese na kukiharibu vibaya. Dunia haikushituka. Kivuko kimoja cha mji mmoja, nani ana habari nacho? Lakini lile lilikuwa somo. Makontena yakirundikwa juu ya sitaha kama ghorofa, ule ubavu wa meli unageuka kuwa tanga. Tofauti ni kwamba tanga la jahazi unaweza kulishusha upepo ukichachamaa. Tanga la makontena hulishushi mpaka ufike bandarini.

Basi, ikaja Jumanne ya tarehe 23 Machi 2021. Wabongo wengi hawaikumbuki siku hiyo kwa ajili ya meli. Rais John Magufuli alikuwa ametangazwa kufariki dunia tarehe 17, na siku ile mwili wake ulikuwa Zanzibar ukiagwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimepelekwa field kwenye chumba cha habari cha gazeti moja, na kila mwandishi mwenye jina alikuwa kwenye msafara wa msiba. Ukurasa wa habari za kimataifa ulibaki yatima. Mhariri akaangaza macho, akaniona mimi nimekaa sina kazi, akaniambia, "Wewe dogo, hebu tafuta kitu nje huko tujaze hapa." Kitu nilichokipata nje huko ni meli imekaa mshazari jangwani. Ikapewa safu moja, chini kabisa kushoto, na picha ndogo kama stempu.

Kilichotokea ni hiki. Meli ilikuwa inatoka Asia kwenda Rotterdam, Uholanzi. Iliingia mferejini alfajiri kupitia upande wa Bahari ya Shamu, katikati ya msafara wa meli nyingine. Upepo ulikuwa mkali wenye mchanga, hata kuona mbali ilikuwa taabu. Karibu saa mbili kasorobo asubuhi ikaanza kupepesuka. Ukiacha upepo, kuna jambo ambalo mabaharia wanalijua vizuri na sisi wa nchi kavu hatulijui. Chombo kikubwa kikipita mahali pembamba na kusogea ukingoni, maji yanayobanwa kati ya ubavu na ukingo hukimbia kasi na nguvu yake ya kusukuma hupungua. Matokeo yake tezi huvutwa kwenye ukingo na omo husukumwa upande wa pili. Nahodha akiongeza mwendo ili usukani upate nguvu, mvuto nao unazidi. Ni kama mtu anayejitoa kwenye tope kwa kukanyaga mafuta.

Omo ikachoma ukingo wa mashariki, tezi ikagota magharibi. Meli ni ndefu kuliko upana wa mfereji, kwa hiyo njia ikafungwa kama mlango uliopigwa komeo. Na hapo ni upande wa kusini, ambako hakukuwa na ile njia ya pili iliyochimbwa na kufunguliwa mwaka 2015. Siku sita hakuna kupita. Nyuma yake na mbele yake, baharini na ziwani, zikajipanga meli zaidi ya 400 zikingoja.

Kila mtu anaikumbuka ile picha ya kijiko kimoja kinachokwangua udongo chini ya omo la meli, kadogo kama sisimizi anayetaka kuhamisha mlima. Dunia nzima ilicheka. Ila yule dereva wa kijiko alikuwa Mmisri anayefanya kazi yake, analala saa chache kwa siku, huku akiogopa meli isije ikamlalia. Baadaye alisimulia kwenye vyombo vya habari kwamba watu walikuwa wakicheka na yeye alikuwa bado hajalipwa fedha zake za saa za ziada. Mamlaka ya mfereji ilileta meli ya kuchimba mchanga na meli nyingi za kuvuta, Waholanzi waliobobea katika uokoaji wakaitwa, mchanga wa kiasi cha mita za ujazo 30,000 ukaondolewa. Lakini mwisho wa yote kilichosaidia sana ni kitu ambacho mvuvi wa Kunduchi angekuambia bure. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 28, likaja bamvua, maji yakajaa kuliko kawaida. Tarehe 29 mchana chombo kikaelea.

Sasa nije kwenye lawama.

Meli ikiwa bado imekwama, kwenye simu za watu ilikwishaanza kuzunguka picha ya ukurasa wa gazeti. Kichwa cha habari kinasema aliyesababisha balaa ni nahodha wa kike, Marwa Elselehdar, mwanamke wa kwanza wa Misri kuwa nahodha wa meli. Ilifika na kwenye kundi letu la WhatsApp la chumba cha habari. Unajua kilichofuata. Utani ulimiminika kama mvua ya masika. Mwanamke na usukani wapi na wapi, atakuwa alikuwa anajipaka wanja, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Waliokuwa wakitania ni wasomi wenye shahada, tena baadhi yao dada zetu wenyewe.

Ukweli ni upi? Siku ile Marwa hakuwa Suez. Alikuwa Alexandria, mamia ya kilomita kutoka hapo, akifanya kazi kama ofisa wa kwanza kwenye meli ya serikali iitwayo Aida IV. Gazeti ambalo jina lake lilitumika, Arab News, liliandika makala ya kumsifu, ikatoka tarehe 22 Machi, yaani siku moja kabla meli haijakwama. Mtu fulani akachukua picha ya ukurasa ule, akabadilisha kichwa cha habari, akaurusha. Zikafunguliwa na akaunti bandia za Twitter kwa jina lake, zikieneza uongo kwamba anahusika.

Mwanamke huyu alisoma chuo cha ubaharia ambacho wakati ule hakikuwa kinachukua wasichana, na ilibidi suala lake lifike kwa Rais Hosni Mubarak. Mwaka 2015, njia mpya ya mfereji ilipofunguliwa, alikuwa nahodha wa kike wa kwanza wa Misri na mdogo kuliko wote kupita pale. Miaka yote ile ya jasho ilichukua dakika chache tu za mtu mwenye simu kuichafua. Yeye mwenyewe aliiambia BBC kwamba alihisi huenda amelengwa kwa sababu ni mwanamke aliyefanikiwa, au kwa sababu ni Mmisri, ila hana uhakika.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kwa nini uongo ule ulikimbia kiasi kile? Sababu moja ni dharau kwa wanawake, hilo halina ubishi. Lakini ipo sababu ya pili. Uongo ule ulikuwa na kitu ambacho ukweli haukuwa nacho, yaani sura ya mtu mmoja. Jaribu kuutania mlolongo wa mwenye meli wa Japani, mkodishwaji wa Taiwan, meneja wa Ujerumani na bendera ya Panama. Utaanzia wapi? Hauingii hata kwenye kichwa cha habari. Marwa aliingia vizuri sana.

Nalisema hili kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya kila wiki. Wewe unayesoma magazeti yetu unaijua sentensi hii kwa moyo: "Chanzo cha ajali ni mwendo kasi na uzembe wa dereva." Basi limepinduka, watu wamekufa, kamanda amesimama mbele ya kamera, sentensi imetoka. Mara nyingi dereva mwenyewe amefariki na hawezi kujibu, au amekimbia, na kukimbia kwake kunahesabiwa kuwa ushahidi wa mwisho. Miaka miwili iliyopita nilikwenda kwenye ajali moja, sitaitaja njia wala basi. Majeruhi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia matairi ya nyuma yalikuwa vipara na dereva alilalamika tangu stendi. Nikaandika. Nikaongeza na swali: basi hili ni la nani, na nani aliliruhusu kuondoka stendi? Asubuhi nilipofungua gazeti, aya ile haikuwapo. Nilipouliza nikaambiwa nafasi ilikuwa finyu. Sentensi ya uzembe wa dereva ilipata nafasi bila shida.

Sisemi madereva ni malaika, wala sisemi mabaharia hawakosei. Rubani wa Suez anashauri na nahodha anawajibika. Ndivyo kanuni za mfereji zinavyosema, hata kama rubani ndiye aliyekuwa anatoa amri. Ninachosema ni kwamba huyo anayeshika usukani ndiye mtu wa mwisho kwenye mlolongo mrefu, na sisi wote, polisi, wanahabari na wasomaji, tumezoea kuanzia kwake na kuishia kwake.

Turudi Suez. Wengi wetu tuliacha kuifuatilia siku meli ilipoelea. Tulidhani imekwisha. Kumbe ndipo mambo yalipoanza. Meli ilivutwa hadi kwenye Ziwa Chungu Kubwa, lililo katikati ya mfereji, ikatia nanga. Mamlaka ya Mfereji wa Suez ikadai dola milioni 916. Ndani yake kulikuwa na milioni 300 za zawadi ya uokoaji na milioni 300 nyingine za kuharibiwa jina. Mahakama ya Ismailia ikaizuia meli. Baadaye dai likashushwa hadi dola milioni 550. Mawakili wa mwenye meli wakasema mamlaka ndiyo yenye kosa, kwa nini iliruhusu chombo kiingie wakati hali ya hewa ni mbaya. Mamlaka ikasema meli ilikuwa inakwenda kasi mno. Mwendo kasi! Nilipoisoma nilicheka peke yangu, nikamkumbuka yule kamanda wetu.

Mabishano haya yote yalifanyika kwenye ofisi zenye viyoyozi. Waliokaa juu ya maji ni wale Wahindi. Wachache waliruhusiwa kurudi makwao, wengi wakabaki ndani ya meli wakiangalia wenzao wanavyopita kushoto kwenda Ulaya na kulia kwenda Asia. Zaidi ya miezi mitatu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hisa kwenye meli ile.

Ziwa lile lina historia yake. Vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na Waarabu vilipofunga mfereji, meli 14 za mataifa mbalimbali zilikwamia humo humo. Mfereji haukufunguliwa mpaka mwaka 1975. Miaka minane! Mabaharia walikuwa wakibadilishwa zamu, wakaunda umoja wao, wakachora hata stempu za posta. Na kwetu huku, meli zote za kutoka Ulaya kuja Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Kwa hiyo usidhani Suez ni habari ya watu wa mbali.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi si cha mwaka 1967. Ni cha mwaka ule ule wa 2021, tena karibu na hapo hapo. Ilikuwapo meli ndogo ya mizigo iitwayo MV Aman. Ilizuiwa karibu na Suez mwaka 2017 kwa kuwa vyeti vyake vilikuwa vimekwisha muda. Mwenye meli akawa hana fedha. Nahodha alikuwa nchi kavu. Mahakama ikamwandika ofisa mmoja wa melini, kijana wa Syria, kuwa mlinzi wa kisheria wa chombo. Inasemekana hakuelewa alichokuwa akitia saini. Maana yake ni kwamba haruhusiwi kuondoka mpaka meli iuzwe au mtu mwingine ashike nafasi yake. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja, akabaki peke yake. Mama yake akafariki akiwa huko. Dhoruba ikaikokota meli hadi karibu na ufuko, na tangu hapo akawa anaogelea kwenda nchi kavu kila baada ya siku chache kutafuta chakula na kuchaji simu. Alikuja kuruhusiwa kurudi kwao Aprili 2021, karibu miaka minne baadaye, mwezi ule ule ambao dunia ilikuwa ikibishana juu ya mamilioni ya Ever Given.

Sasa sema, meli ile ilikuwa ya nani? Kwenye karatasi ilikuwa na mwenyewe. Kwenye maji ilikuwa ya yule kijana.

Najua kuna msomaji atasema, hayo ni ya Panama na wenzao, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Biashara ya kukodisha bendera hata sisi tunaifanya. Kupitia Zanzibar, meli za kigeni zimekuwa zikisajiliwa na kupeperusha bendera ya Tanzania bila ya kuwahi kuiona Malindi wala Kurasini. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran, zilizokuwa zinakwepa vikwazo, zimebeba bendera yetu, ikabidi zifutwe. Mwanzoni mwa 2018, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa huko ng'ambo na shehena za hatari, Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za kigeni na kuagiza zaidi ya 400 zichunguzwe. Ada ya usajili inaingia, sawa. Lakini baharia wa nchi nyingine akiachwa njaa kwenye meli yenye bendera yetu, analia kwa nani? Kwa Mtanzania yupi?

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo limenishangaza kuliko yote. Sheria ya bahari inajua vizuri sana kugawana. Kuna kanuni ya kale, watu huihusisha na mabaharia wa kisiwa cha Rhodes cha Ugiriki. Dhoruba ikija na ikabidi shehena ya mtu mmoja itoswe baharini ili chombo kipone, basi hasara ile si yake peke yake. Wote ambao mali zao zimepona watachangia kumfidia. Ni haki kabisa, bibi yangu angeiita ujirani mwema. Kanuni hiyo bado inafanya kazi. Aprili 2021 mwenye Ever Given aliitangaza, yaani gharama za kuiokoa meli zigawanywe kwa wote wenye mali ndani yake. Mwenye kontena la viatu na mwenye kontena la friji, kila mmoja alitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mzigo wake.

Nilimweleza habari hii mama yangu mdogo, anayeuza mitumba Karume. Wiki ile ya Suez aliyekuwa akimuuzia mabelo alimwambia kontena la Uingereza liko kwenye foleni, avumilie, na bei ikapanda siku ile ile. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anakunja mashati, kisha akauliza, "Kwa hiyo meli wanamiliki wao, hasara tunagawana wote, na kosa ni la nahodha?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilisomea mambo haya miaka mitatu chuo kikuu na hakuna mhadhiri aliyeyaweka wazi namna ile.

Ndiyo hivyo, mama mdogo. Hasara ina kanuni ya kuigawa, imeandikwa, ina mawakili na mahesabu yake mpaka senti ya mwisho. Lawama haina kanuni kama hiyo. Yenyewe inatosa mtu. Anatoswa Marwa ambaye hata hakuwapo. Anatoswa kijana wa Syria kwa sababu alikuwa karibu na kalamu. Anatoswa dereva wa basi kwa sababu hawezi kusema tena. Na wakati kwenye shehena aliyetoswa hufidiwa na waliopona, kwenye lawama waliopona huendelea na safari.

Ever Given nayo iliendelea na safari. Makubaliano yalitiwa saini, kiasi kilicholipwa hakikutangazwa, na tarehe 7 Julai 2021 ikang'oa nanga. Ilifika Rotterdam mwishoni mwa mwezi huo, ikaenda Felixstowe, Uingereza, na mwezi Agosti ikapita tena kwenye mfereji ule ule, safari hii bila tatizo.

Mimi siku hizi si mwanafunzi wa field tena, nina dawati langu na kitambulisho. Nimejiwekea utaratibu mdogo ambao haujampendeza kila mtu. Nikiandika ajali yoyote, iwe ya basi, ya kivuko au ya mgodi, nauliza maswali matatu. Nani alikuwa kwenye usukani? Chombo ni cha nani? Nani alikiruhusu kiondoke? La kwanza hujibiwa kabla sijamaliza kuuliza. La pili hunirudisha kesho. La tatu limewahi kunitoa nje ya ofisi moja ya umma nikiwa nimeshikwa mkono kwa adabu. Mara nyingine nafasi gazetini huwa finyu. Mara nyingine, wiki iliyopita kwa mfano, yanapita yote matatu, na jina la mwenye gari likasomeka pale pale lilipo jina la dereva.

Nawe msomaji una sehemu yako. Siku nyingine ikikufikia picha yenye sura ya mtu mmoja na chini yake balaa zima la dunia, kabla hujaisukuma kwa wengine, jiulize chombo ni cha nani.

Tafakari.